Siku Mama Alipoikana Mikima

Juzi nilipita Bondeni kutafuta ubao wa kurekebisha kitanda. Fundi aliwasha mashine, vumbi la mbao likaruka, na harufu ikanifikia kabla sijamaliza kumsalimia. Ilikuwa harufu ya mukima uliokatwa karibuni, tamu kidogo na chungu kidogo, imechanganyika na petroli iliyoungua. Nikajikuta nimesimama pale nacheka peke yangu. Fundi akazima mashine akaniuliza, "Madam, kuna shida?" Nikamwambia hakuna shida, nimekumbuka tu jinsi mama yangu alivyomshinda mtu wa mbao. Alitaka kusikia yote, lakini nilikuwa na haraka. Nyinyi wenzangu wa rika langu, ambao mnaona kila barabara ikipanuliwa na miti tuliyokua nayo ikigeuka kuni, ngoja niwasimulie.

Mukima ndio ule mti ambao walimu huuita grevilea. Kama ulikulia pande za Bahati unaujua: majani yake yamechanika kama unyoya, kwa chini yana rangi ya fedha, na maua yake ya rangi ya chungwa yana asali ndani. Tulikuwa tunayanyonya maua hayo tukitoka shule mpaka midomo inanata, na nyuki wakitufukuza tulikuwa tunawaona wao ndio wezi. Safu ya mikima ilianzia langoni kwetu ikateremka kando ya barabara ya murram hadi darajani. Upande mmoja palikuwa na ua wetu wa kaiyaba, wenye miiba ambayo hata kuku hujuta kuijaribu. Upande wa pili palikuwa na mtaro wa maji ya mvua.

Chini ya mikima hiyo ndipo maziwa ya kijiji kizima yalipongojea gari la kuyachukua. Kila asubuhi wamama walifika na mitungi yao, wakaipanga kivulini, wakaketi ukingoni mwa mtaro kupiga domo. Gari lilichelewa kila siku, na kila siku dereva alikuwa na sababu mpya. Bahati ina baridi ya asubuhi, lakini jua likishapanda linachoma kisawasawa, na maziwa yakipigwa na jua mpimaji anayakataa. Karo, sare, sukari na mafuta ya taa vyote vilitoka kwenye mitungi hiyo. Sisi watoto hatukujua hesabu za wakubwa, ila tulijua kwamba mama akirudi na maziwa yaliyokataliwa, siku hiyo si ya kuomba kitu.

Mama aliipanda mikima ile mwaka alioolewa. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya mvuke kule Olkaria na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo mambo ya shamba yote yalikuwa mikononi mwa Mama. Kijiji chetu kilikuwa kimekatwa kutoka shamba la mzungu mmoja wa zamani, wenye hisa wakagawana vipande, na wakati huo, Mama alituambia, hapakuwa na mti hata wa kufungia mbuzi. Alileta miche kutoka kwao. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bibi arusi mwingine mgeni, Mama Nekesa, mkaza mwana wa mzee mmoja aliyetoka magharibi zamani kufanya kazi ya reli. Mama hakuwa na punda. Mama Nekesa alikuwa naye. Basi mmoja alichimba mashimo na kupanda, na mwingine akabeba maji kutoka mtoni kiangazi chote. Mikima ikashika.

Ikashika, ikakua, ikafika umri wa kupogolewa matawi, na matawi ni kuni. Hapo urafiki ukaingia miiba. Mama alisema miti ni yake kwa sababu aliipanda, tena iko upande wake. Mama Nekesa alisema mche bila maji ni kijiti tu, kwa hiyo miti ni yake. Wakaacha kusemezana kabisa. Nilipopata akili nilikuta hali iko hivyo, na kazi ya kupeleka maneno ilikuwa yetu sisi, mimi na rafiki yangu Nekesa.

"Shiru," Mama angesema akiwa langoni, "enda umwambie mama ya Nekesa jogoo yake iko kwa sukuma yangu."

Mama Nekesa alikuwa amesimama palepale kwenye lango lake, hatua chache tu, anasikia kila neno. Hata hivyo ningevuka barabara, nisimame mbele yake kwa adabu na kuyasema maneno yaleyale. Naye angemgeukia Nekesa: "Mwambie mama ya Shiru jogoo haijasoma, haijui mpaka." Nekesa angevuka kuyaleta. Tulizoea hivyo kiasi kwamba niliamini kwa dhati kuwa sauti ya mtu mzima haivuki barabara. Nilidhani ni kama maji na mafuta, ni jambo la maumbile, na ndiyo sababu Mungu akawapa watu wazima watoto.

Siku moja tulitoka shule tukakuta kila mukima umepakwa alama ya X nyekundu. Sasa, X mimi nilizijua vizuri. Kitabu changu cha hesabu kilikuwa kimejaa. Nilielewa mara moja kwamba mtu wa elimu amepita, akaisahihisha miti yetu, na yote imefeli. Niliuhurumia hasa ule wa langoni, kwa sababu ulikuwa mnyoofu kuliko mingine na mimi nilikuwa nauona kama ndio wa kwanza darasani. Mbele kidogo tulimkuta kijana mwenye mkebe wa rangi akimalizia mti wa mwisho.

"Uncle," nikamuuliza, "hii miti imefanya makosa gani?"

Akacheka mpaka brashi ikamdondoka. "Haijafanya kitu, kasichana. Imeuzwa. Mwenyewe ameuza. Jumatatu tunakuja na pawa."

Pawa tuliijua. Ni ule msumeno wa petroli unaosikika hata ukiwa mlima wa pili. Tulikimbia, kila mtu kwao. Mama alikuwa anakata majani ya nepia ya ng'ombe, na nilipomwambia alitoka na panga mkononi, si kwa nia mbaya, alisahau tu kuliweka chini. Alipofika langoni, Mama Nekesa naye alikuwa amefika langoni kwake, mikono imejaa unga. Wakatazamana. Nikajiweka tayari kuvuka kama kawaida. Lakini Mama hakunituma.

"Mama Nekesa! Umeuza miti yangu?"

Nilishtuka. Sauti ilikuwa imevuka barabara, ikafika upande wa pili bila kuchubuka.

"Miti yako? Si ni wewe umeuza yangu!"

"Mimi niuze mti nimepanda na hii mikono?"

"Na mimi niuze mti nimebebea maji mpaka punda ikaninunia?"

Walikuwa wameweka akiba ya maneno kwa miaka, na siku hiyo waliyamwaga yote. Mambo ya jogoo yalitoka, ya kuni yakatoka, hata ya sufuria moja iliyoazimwa kabla sisi hatujazaliwa. Watu walisimama barabarani na baiskeli zao. Kisha wakaishiwa na pumzi kwa wakati mmoja, na Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani hujauza?"

"Wallahi sijauza," akasema Mama Nekesa, ambaye alikuwa mama wa kanisa lakini kiapo hicho alikipenda. "Wewe hujauza?"

Hakuna aliyekuwa ameuza.

Aliyenunua alikuja Jumamosi kukagua. Alikuwa mnene, mchangamfu, na kijiji kilimwita Mbao, jina ambalo alilipenda. Alisema amemalizana na broka mmoja mjini, na broka ameongea na wenyewe. Mama akamwambia wenyewe ni sisi. Mama Nekesa, ambaye sasa alikuwa amevuka na kusimama upande wetu, akasema kwa ukali kwamba ni yeye. Mbao akatabasamu. "Mathe, taito iko?"

Mama akaitoa taito, ile hati ya shamba, chini ya godoro, akaileta kwa mikono miwili. Mbao hata hakuisoma. Alisema anachotaka ni bikoni, lile jiwe ambalo sovea, mpima ardhi, alilichimbia kuonyesha mwisho wa shamba. Hapo uso wa Mama ulibadilika. Niseme wazi: kwetu hakuna mtu aliyehesabu shamba lake kwa bikoni. Ulilihesabu mpaka mtaroni. Ulipanda ua nje ya bikoni, ukapanda miti nje ya ua, na jirani akifanya vilevile mlikuwa mnaelewana. Hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyoishi. Bikoni yetu mimi niliijua vizuri sana, kwa sababu ndipo tulipokuwa tunamfunga ndama. Ilikuwa ndani ya ua, mbali ndani, karibu na banda.

Mbao alisimama kando ya ndama akanyoosha mkono. "Watu wangu, mmeona? Shamba ya huyu mathe inaisha hapa kwa ndama. Hiyo kaiyaba iko nje. Hiyo miti ndio kabisa. Hiyo yote ni rizavu, ardhi imewekewa barabara. Si yake. Na si ya huyu wa ng'ambo. Jumatatu tusisumbuane."

Baadhi ya watu waliomfuata walicheka, wengine wakaanza kufikiria bikoni zao. Mama alirudi ndani. Sijawahi kuona aibu ikimkaa mtu vile. Alikaa jikoni akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Baba alipopigiwa simu akasema, "Wachana nao, Mama Shiru. Mti si mtu. Mtapata kivuli ingine." Mama akamjibu kwamba kivuli hakinunuliwi dukani, akakata simu.

Jumapili, tukitoka kanisani, aliketi kumkamua ng'ombe kama kawaida, nami nimeshika mkia. Maziwa yalikuwa yakilia ndooni, kisha yakaacha. Mama alikuwa ameshika chuchu, anatazama ukuta.

"Ati si yangu," akasema. "Na si ya Mama Nekesa. Ni ya barabara. Sawa. Sasa yeye alinunua kwa nani? Kwa barabara?"

Akasimama na ng'ombe hajaisha. "Shiru, enda umwambie mama ya Nekesa…" Kisha akajipangusa mikono, akavuka barabara mwenyewe. Mimi na Nekesa tulibaki tumekaa kwenye mtaro hatuna kazi, tukisikiliza vicheko jikoni kwao. Walipotoka, Mama Nekesa alikuwa ameshakubali kumtuma mumewe aende ofisi ya misitu pale Bahati asubuhi na mapema kumleta mtu wa misitu, na wamama wote wa maziwa wangepitiwa nyumba kwa nyumba kabla ya giza.

Jumatatu lori lilifika mapema kuliko sisi tulivyotaka. Mtu wa misitu alikuwa bado. Mwenye pawa alivuta kamba, mashine ikanguruma, akaanza na ule wa langoni. Chembe nyeupe ziliruka, na ndipo harufu ile ilipoingia puani mwangu kwa mara ya kwanza. Nililia kwa sauti. Mama hakulia. Alibeba mtungi wake wa maziwa, akautua chini ya mti, ukigusa shina kabisa, akafungua kifuniko. Mama Nekesa akautua wake kando. Wakaja wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka kila shina likawa limezungukwa na maziwa yaliyo wazi.

Mwenye pawa aliangalia maziwa, akamwangalia Mbao, akazima mashine. "Boss, mimi siwezi. Vumbi ikiingia hapo, hawa wamama wataniua. Na hata kwetu nyumbani kuna ng'ombe."

Hapo pikipiki ikafika na mume wa Mama Nekesa, na nyuma yake mwanamke kijana aliyevaa sare ya kijani. Alishuka, akapapasa kidonda cha mti, akauliza, "Nani amenunua hii miti?"

"Ni mimi, madam," akasema Mbao.

"Kutoka kwa nani?"

Mbao akataja broka. Madam akauliza broka aliuziwa na nani. Mbao akasema na wenyewe. Madam akauliza wenyewe gani. Mbao akaanza kujipangusa jasho, na jua halikuwa hata limetoka vizuri. Basi yule mwanamke akatueleza pole pole, kama mwalimu mzuri. Mti uliosimama kwenye rizavu ya barabara ni mali ya umma, hata kama ulipandwa na mtu. Aliyeupanda haruhusiwi kuuza, chifu haruhusiwi, broka ndiye kabisa. Kuukata ni mpaka serikali iidhinishe, na yeye hajaidhinisha. "Kama ingekuwa ndani ya shamba ya mtu," akamalizia, "hiyo ni maneno ingine. Mwenyewe angekubali, mngeendelea kuongea."

Nilimwona Mbao akiwaza. Ilimchukua muda mfupi sana.

"Madam, labda hiyo bikoni ilisongeshwa," akasema. "Hawa sovea wa zamani walikuwa wakilewa." Akamgeukia Mama kwa sauti ya asali. "Mathe, tusidanganyane. Hii miti si ni yako? Kijiji yote inajua ulipanda. Sema tu ni yako, nikulipe hapa hapa. Na kama ni ya huyu mama alibeba maji, aseme. Mimi nitalipa mwenye miti."

Akaingiza mkono mfukoni akautoa umejaa.

Kaka yangu mkubwa alikuwa nyumbani akingojea karo ya sekondari. Wenzake walikuwa wameshaingia. Paa la Mama Nekesa lilikuwa linavuja. Na zaidi ya hayo, kwa miaka yote hiyo kila mmoja wao alikuwa amemngojea mtu, mtu yeyote, asimame mbele ya kijiji aseme miti hii ni yako. Sasa mtu huyo alikuwa amesimama, tena na pesa mkononi. Nilivuta leso ya Mama kwa nguvu. "Mama, sema ni yetu!" nikamwambia. Nilikuwa nimechoka kushindwa na ile bikoni.

Mama aliangalia mkono wa Mbao. Aliuangalia mti wa langoni, akaangalia mitungi. Kisha akamtazama Mama Nekesa, na wakatazamana kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ibada.

"Si yangu," akasema Mama.

"Mathe…"

"Si yangu. Ni wewe ulinionyesha Jumamosi, mbele ya hawa watu wote. Yangu inaisha kwa ndama."

Kicheko kilipasuka kutoka darajani hadi langoni. Mbao akamgeukia Mama Nekesa haraka kabla hakijaisha.

"Usiniangalie mimi," akasema Mama Nekesa. "Mimi nilibeba maji tu. Na hata hiyo maji ilikuwa ya mto."

Akamwendea mama aliyefuata, aliyekaa mkabala na mukima wa tatu, ambaye naye kila wakati wa kupogoa aliapa kwamba ni wake. "Mimi sijui hiyo miti," akasema. Aliyefuata akasema hajawahi kuiona. Kikongwe mmoja, aliyeishi karibu na daraja na ambaye siku nyingine angekufukuza na fimbo ukiokota hata jani, akasema yeye alidhani ni nguzo za stima. Safu nzima ya wamama waliojua kugombania kuni mpaka machozi, wote siku hiyo hawakuwa na mti hata mmoja. Mbao alisimama katikati ya barabara, amejaza mkono pesa, hana wa kumpa.

"Sasa ni ya nani?" akapiga kelele.

"Ni ya barabara," akasema madam wa misitu, "na wewe si barabara. Pakia mashine."

Alipakia. Lori lilipogeuka liliteleza kidogo mtaroni, na wamama walewale wakalisukuma litoke, kwa sababu walitaka liende. Lilipopotea darajani vigelegele vikapanda. Kwetu mtoto akizaliwa, vigelegele vya mvulana vina hesabu yake na vya msichana vina yake, na wamama wakaanza kubishana mti ni mvulana ama ni msichana, mpaka Mama Nekesa akasema kwao hawahesabu, wanapiga tu mpaka koo iishe. Wakafuata mtindo wa kwao. Ng'ombe waliitikia kutoka mabandani.

Siku hizi najua sheria kuliko nilivyojua wakati huo, na najua kwamba mahali pengi mtu kama Mbao hushinda, kwa sababu kila mtu hukimbilia kusema "yangu" na mwenye pesa humchagua mmoja. Kaka yangu alichelewa shule, akaingia baadaye kwa mchango wa wamama wa maziwa, na hakufeli. Mama hakupata chochote siku ile. Lakini nimewahi kumsikia Mama akisema ng'ombe ni wangu, shamba ni langu, na hawa watoto unaona ni wangu, na hajawahi kusema neno hilo kwa majivuno niliyoyasikia asubuhi hiyo gari la maziwa lilipofika, limechelewa kama kawaida. Dereva alikuta wamama wamekauka sauti, barabara imejaa vumbi jeupe la mbao. Alitoa kichwa dirishani akitafuta pa kusimama.

"Mathe, hii kivuli ni ya nani? Naweza paki?"

Mama alijinyoosha, mikono kiunoni, kidevu juu.

"Paki," akamwambia. "Si yangu."